Petroli ya Baridi

Walisema sitaweza kuendesha hata kibanda cha mafuta ya taa. Mjomba wangu wa Mombasa alilisema mbele ya wageni, siku niliyoleta nyumbani stashahada yangu ya usimamizi wa bidhaa za petroli. "Hiyo karatasi itie ndani ya gari," alisema, "tuone kama litakwenda." Watu walicheka mpaka wakamwaga chai. Miaka mingi baadaye, kwenye ghala moja la Eagan, Minnesota, nilikobeba maboksi, Wakenya wenzangu waliniita Diploma, na jina lenyewe lilikuwa tusi. "Diploma, shika upande ule! Diploma, kuna pipa limevuja huku, njoo ulisimamie!" Nilipowaambia kwamba nitafungua kituo cha petroli palepale Minnesota, mmoja aliketi chini sakafuni ili acheke vizuri.

Nilifungua. Naandika haya nikiwa Kilifi, katika nyumba niliyoijenga bila mkono wa mtu, na anayetaka kuona vituo vyangu viwili vya hapa nyumbani apite barabara kuu. Vijana wanaokwenda ng'ambo huja kuniaga, na wote hutaka niwasimulie theluji. Theluji niliitarajia. Jambo lililonishtua Marekani, hata leo nikilikumbuka natikisa kichwa, ni kuambiwa na serikali kwamba petroli safi, niliyoinunua kwa pesa halali na iliyomo ndani ya tanki langu, itakuwa kosa kuiuza ikifika siku fulani.

Kituo chenyewe kilikuwa Brooklyn Center, kwenye barabara ya mabasi yanayokwenda mjini Minneapolis. Upande wa pili palikuwa na kanisa la Waafrika, na ubavuni duka la mama mmoja wa Kisomali aliyeuza sambusa. Nilikikodi kutoka kwa mzee aliyechoka na baridi akahamia kusini. Benki sikwenda, maana benki ni riba. Nilikwenda kwa watu wa kwetu, familia za pwani tulizokuwa tukisali nazo: dereva wa teksi wa uwanja wa ndege, muuguzi na mumewe, fundi wa magari, na mkubwa wao, mama mmoja wa Lamu aliyekuwa na duka la vitambaa na viungo. Sote tulimwita Bi Mkubwa. Walinipa karadha, mkopo usio na nyongeza hata ya senti, niurudishe kabla ya mwaka kwisha. Bi Mkubwa ndiye aliyetoa fungu kubwa.

"Nakupa," aliniambia, "lakini ukinikimbia nitakufuata mpaka kwa mamako, na nauli utanilipa wewe."

Basi hilo ndilo lililokuwa shingoni mwangu. Kituo kikifungwa, akiba ya watu hawa imekwisha, na mimi Ijumaa sina pa kuuweka uso.

Sasa msomaji wa Kenya atanielewa haraka kuliko wengine. Kwetu bei ya mafuta hutangazwa na serikali katikati ya mwezi. Kila aliyewahi kufanya kazi kwenye pampu anajua somo la kwanza la biashara hii: ukinusa kwamba bei itapanda, jaza matanki kwa bei ya zamani, uuze kwa bei mpya. Somo hilo nililijua kabla sijaingia chuo. Kwa hiyo Aprili ile, theluji ikiwa bado imelala chafu kwenye kingo za uwanja wangu, redio iliposema kwamba petroli itapanda bei kwa sababu ya masharti mapya ya mchanganyiko wa kiangazi, masikio yangu yalishika neno moja tu, kupanda. Nilimpigia msambazaji siku ileile. Nilijaza tanki langu la kawaida, na tanki la pili ambalo mzee aliliacha tupu nikalijaza pia, mpaka kipimo kikagoma.

Jirani yangu wa biashara, Mkenya wa Nakuru aliyekuwa na kituo chake mitaa michache kutoka kwangu, alikuwa amefanya vilevile. Yeye alikuwa mtu wa kwaya na kicheko kikubwa. "Wee Diploma," alinipigia simu, "leo ndiyo umesoma kweli!" Tulipongezana kama watu walioshinda bahati nasibu.

Wiki mbili hazikupita, wakaja watu wa manispaa na mashine, wakaichimba barabara yangu. Watu wa Minnesota husema wana majira mawili tu, baridi na ukarabati wa barabara. Nilidhani ni mzaha. Waliweka koni za rangi ya chungwa mpaka mlangoni pangu. Gari lililotaka mafuta kwangu lilibidi lizunguke nyuma ya kanisa kama mwizi. Mauzo yalianguka, na petroli ikakaa chini ya ardhi imetulia.

Katikati ya Mei msambazaji alinipigia. "Umebakiwa na kiasi gani matankini?"

Nikamwambia kwa majivuno: "Nimejaa."

Akauliza, "Umejaa mafuta ya baridi?"

"Mafuta ya baridi ndiyo yapi?"

"Hayo uliyo nayo. Mimi tangu mwanzo wa mwezi naleta ya kiangazi tu. Nikikumwagia juu ya hayo, yote yataharibika, na mkaguzi atakufungia."

Nilicheka. Niliona ni ujanja wa muuzaji anayetaka kunitisha ili nimwage mali yangu ninunue yake. Nimefunzwa petroli, nilijiambia, mitihani nimeifaulu kwa daraja la juu, na hakuna mwalimu aliyewahi kunitajia petroli ya majira, kana kwamba ni maembe. Asubuhi yake nilivaa suti, nikatia stashahada yangu ndani ya mkoba, nikapanda basi mpaka Minneapolis na treni mpaka Saint Paul, kwenye ofisi za serikali ya jimbo. Nilitaka kuambiwa na serikali yenyewe.

Nilipelekwa kwa mkaguzi wa mafuta, Mzungu wa makamo mwenye sauti ya chini, mtu asiye na haraka. Nilimweleza. Hakunicheka. Alisema wakati wa baridi viwanda huacha ndani ya petroli gesi nyepesi, ili injini iwake hata maji yakiganda. Joto likija, gesi ile hupaa kutoka kwenye matanki na magari, ikipigwa na jua inageuka hewa chafu, na wenye pumu wanaumia. Kwa hiyo kiangazi gesi ile hupunguzwa.

"Sheria hiyo ni ya zamani," alisema. "Ila petroli ya kawaida, iliyochanganywa na ethanoli, ilikuwa na msamaha mdogo. Magavana wa majimbo yetu ya kati wameomba msamaha huo uondolewe."

"Wameomba wenyewe?"

"Wenyewe. Ethanoli inatokana na mahindi. Mchanganyiko wenye ethanoli zaidi haukuwa na msamaha, ukawa hauuziki kiangazi. Sasa michanganyiko yote miwili iko sawa."

Nilimkodolea macho. Mahindi! Kitu nilichokijua kwenye sufuria ya ugali kimepanda mpaka kwa magavana, kikashuka mpaka ndani ya tanki langu.

"Lakini mafuta yangu niliyanunua kwa halali," nikasema.

"Kwa halali kabisa. Na utayauza kwa halali mpaka siku ya mwisho ya Mei."

"Na usiku ukipita, asubuhi ya Juni yanakuwa sumu?"

"Mafuta yatakuwa yaleyale," alisema. "Wewe ndiye utakuwa na kesi. Faini yake inahesabiwa kwa siku."

Nikatoa stashahada yangu, nikaiweka mezani, sijui hata kwa nini; labda nilitaka karatasi ile initetee. Aliisoma yote, jina la chuo na muhuri, kwa heshima. Akauliza, "Chuo hiki kiko nchi ya joto?"

"Mwaka mzima."

"Basi kwenu hamna haja ya petroli mbili." Akanirudishia kwa mikono miwili.

Nilisimama kwenye kituo cha treni nikaacha ya kwanza ipite, na ya pili. Miezi yote ile nilikuwa nikiuza kitu nisichojua kina tarehe.

Nilikwenda moja kwa moja kwa yule jirani wa Nakuru. Alinisikiliza huku akila njugu, kisha akanipiga begani.

"Diploma, utakufa mapema. Wataongeza muda."

"Nani kasema?"

"Si mwaka jana waliahirisha? Sheria hiihii, ilikuwa ianze, viwanda vikalia mafuta yatapungua, wakasogeza mbele. Serikali ni serikali. Kwetu walisema mwisho wa kusajili laini za simu ni lini? Waliongeza. Mwisho wa kulipa kodi? Waliongeza. Niambie mtu mmoja aliyewahi siku ya mwisho akafaidika!"

Ni kweli waliahirisha mwaka uliotangulia, hilo nililithibitisha. Nilikwenda nyumbani nusu ya moyo ikiwa imepoa. Lakini kila nikifumba macho niliiona ile mikono miwili ikinirudishia karatasi yangu. Mtu yule hakuwa akinitisha. Alikuwa akinipa taarifa, kama mtu anavyokuambia kwamba maji yamechemka. Mimi sikutoka Mombasa nikabeba maboksi Eagan ili nisubiri huruma ya mtu. Niliamua kumaliza petroli yote kabla Juni haijaingia.

Hesabu ilikuwa rahisi: nishushe bei mpaka ile niliyonunulia, watu waje. Na watu wa kwanza niliowafikiria walikuwa wadai wangu, kwa sababu kila mmoja wao aliendesha gari kila siku. Ijumaa, baada ya sala, niliwakusanya kwenye ua wa msikiti. Nikawaambia kwa furaha kwamba, kwa wema walionitendea, nimewatengea bei yao peke yao, ileile niliyonunulia, ya chini kuliko mji mzima.

Nilitarajia dua. Nikaona nyuso zimekauka.

"Astaghfirullahi," alisema Bi Mkubwa. "Yaani unataka kunilisha riba kwa bomba?"

"Riba? Bi Mkubwa, ni punguzo!"

"Punguzo la nini? Ungenipunguzia kama sikukukopesha?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi karadha imezaa. Na karadha ikizaa, mtoto wake anaitwa nani?"

Dereva wa teksi akajaribu: "Lakini Bi Mkubwa, mimi tanki langu tupu kabisa hivi sasa."

"Lisukume," akamjibu.

Fundi wa magari, mtu mkimya, akauliza swali ambalo wote walikuwa nalo. "Na kwa nini uuze bila faida? Kwetu mwenye duka akianza kuuza sukari chini ya bei ya jumla, ujue asubuhi mlango utakuwa wazi na yeye hayupo."

Wakanitazama. Hapo ndipo nilipopigwa na bumbuwazi la pili, kubwa kuliko la Saint Paul. Mimi niliyekwenda kuwagawia hisani nilikuwa nimesimama mbele yao kama mtu anayejiandaa kutoroka. Muuguzi alikuwa ameanza kulengwalengwa na machozi; mumewe alinihesabu kwa macho kutoka viatu hadi kofia. Niliona wazi kwamba nikisema uongo mmoja tu, wote watataka pesa zao siku ileile, na pesa zao zilikuwa chini ya ardhi, zimegeuka petroli isiyotakiwa.

Kwa hiyo nikawaambia kila kitu: theluji, redio, matanki mawili, barabara iliyochimbwa, mkaguzi, tarehe. Hata mahindi ya magavana niliwaeleza. Nilipomaliza, Bi Mkubwa alirekebisha mtandio wake.

"Mahindi?" akauliza mwishoe.

"Mahindi, Bi Mkubwa."

"Watu hawa," akasema, na hakumalizia. Kisha akanielekezea kidole. "Sikiliza. Bei yako itundike pale juu kwenye ubao mkubwa, aione Mzungu, aione Mhmong wa Asia, aione Msomali, aione asiyekujua mbele wala nyuma. Ikiwa bei ni ya watu wote, hiyo ni biashara, nasi tutakuja kama watu. Bei ya kuninong'oneza mimi, sitaki kuisikia."

Niliitundika jioni hiyohiyo.

Sijawahi kuona jambo kama lile. Wa kwanza kuja walikuwa wale wachimba barabara wenyewe, na malori yao madogo. Ndio walioisambaza habari. Dereva wa teksi aliwaleta wenzake wa uwanja wa ndege, wakapanga mstari kuzunguka kanisa. Jumapili waumini walitoka ibadani wakajaza kabla ya kwenda nyumbani, na mchungaji wao, mtu wa Kisii, alinipungia mkono kutoka dirishani akisema, "Ubarikiwe, ndugu Mwislamu!" Bi Mkubwa alikuja na gari lake la zamani, akasimama kwenye mstari kama kila mtu, akalipa kama kila mtu, na nilipotaka kumjazia mwenyewe alinifukuza kwa mkono.

Jirani wa Nakuru alinipigia simu akiwa amekasirika. "Diploma, unaua soko! Unanimaliza!"

"Shusha na wewe. Bado una siku."

"Nishushe nipate hasara, halafu waongeze muda nibaki nikilia? Sithubutu!"

Siku za mwisho za Mei kipimo cha matanki yangu yote mawili kilikaribia kugusa chini. Faida sikuona hata kidogo. Nyumbani tulikula kwa mshahara wa mke wangu, aliyekuwa akitunza wazee. Pesa iliyorudi, nikishalipa kodi ya kituo na gharama nyingine, ilitosha kununua shehena moja tu ya petroli ya kiangazi. Lori lilipoimwaga nilisimama palepale, nikisikiliza mali yangu yote ikishuka ndani ya bomba moja.

Juni mosi ilipofika nilikaa na redio tangu alfajiri. Habari za hali ya hewa, habari za michezo. Hakuna aliyeongeza muda.

Wiki hiyohiyo mkaguzi wa Saint Paul alikuja na kisanduku cha barafu na chupa. Alinisalimu kwa jina langu. Akachukua sampuli kwenye pampu, akaifunga, akailaza kwenye barafu kama samaki, akaenda zake. Hapo ndipo nilipojua hofu. Masalio ya petroli ya zamani yalikuwa bado chini ya tanki. Machache, lakini yalikuwepo, na sikuwa na njia ya kujua kama yameichafua ile mpya. Nilizipitisha siku zile nikimjibu kila mteja kwa kichwa tu.

Alirudi mwenyewe. "Imepita," alisema, na akaomba kahawa.

Nilimmiminia mpaka ikamwagika.

Kwa jirani yangu haikupita. Pampu zake zilifungwa kwa lebo nyekundu za mkaguzi, na mafuta yote yalibidi yafyonzwe na kurudishwa bohari kwa gharama yake. Alinipigia simu, nikangoja kicheko chake kikubwa, hakikuja. "Hawakuongeza," alisema. Alirudia tena, polepole, kama mtu anayesoma neno la lugha ngeni. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka. Nikampa pole.

Kiangazi kile wateja wake walikuja kwangu, nami siwezi kusema uongo kwamba niliwafukuza. Barabara yangu ilifunguliwa ikiwa nyororo kama sahani. Waliozoea ile bei ya Mei waliendelea kuja hata ilipopanda, kwa sababu walishaijua njia. Niliuza nilivyokuwa sijawahi kuuza, na kila senti ya ziada niliitenga.

Kabla ya mwaka kwisha, Jumamosi moja ya baridi kali, nilimchukua imamu awe shahidi na nikaanza kugonga milango. Muuguzi na mumewe walipokea wakiwa wamevaa sare, wanatoka zamu. Fundi alifuta mikono kwa kitambaa kabla ya kugusa bahasha, akasema neno moja, "Sawa." Dereva wa teksi alinikumbatia katikati ya maegesho, magari yakitupigia honi.

Wa mwisho alikuwa Bi Mkubwa, dukani kwake, katikati ya vitambaa na harufu ya iliki. Mjukuu wake alimwita kwa Kiingereza, naye akatoka nyuma akiwa na miwani puani. Niliiweka bahasha kwenye kaunta mbele ya imamu, nikasema maneno yanayosemwa deni linaporudishwa.

Aliitazama, kisha akanitazama mimi. "Mbona umelipa?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Bi Mkubwa, si ni deni?"

"Siku ile uliyotukusanya msikitini, nilikwenda nyumbani nikawaita wanangu. Nikawaambia, huyu ameshaanguka, maskini, nimemsamehe. Nikifa msimdai."

Miezi yote ile ya kukosa usingizi, fungu kubwa kuliko yote lilikuwa limeshasamehewa, na aliyelisamehe alikuwa akisimama kwenye mstari wangu akilipa petroli kwa bei ya watu wote.

"Ulinisamehe," nikasema, "na hukuniambia?"

"Nikuambie ili ulale?"

Imamu aligeuka pembeni ili asionekane anacheka. Bi Mkubwa akaivuta bahasha, akaitia chini ya kaunta bila kuifungua, akaniuliza kama nimekula.